Mawe ya figo: Jiwe la jirani si jiwe lako

MAUMIVU huanza ghafla, aghalabu usiku wa manane au alfajiri. Hushika upande mmoja wa mgongo chini ya mbavu, kisha yakashuka hadi kinenani. Mgonjwa hawezi kuketi wala kulala. Hugaagaa huku akitapika na kutokwa na jasho jembamba. Wanawake waliowahi kuyapata huyalinganisha na uchungu wa kuzaa.

Baada ya saa au siku kadhaa, kijiwe kisichozidi punje ya mtama hutoka pamoja na mkojo, na maumivu hukoma kana kwamba hayakuwapo. Mgonjwa hushusha pumzi, akamshukuru Mungu, na kuliacha jiwe lipotelee msalani.

Hapo ndipo kosa hutendeka. Kijiwe hicho ndicho shahidi bora zaidi wa kueleza kwa nini mwili uliunda jiwe na ni hatua gani ichukuliwe ili lisirudi. Na mawe ya figo yana tabia ya kurudi: kati ya thuluthi moja na nusu ya watu waliopata jiwe kwa mara ya kwanza hupata jingine katika muda wa miaka 10, iwapo hakuna kinachobadilishwa.

Katika mazungumzo ya kila siku maradhi haya hupewa jina moja, na ushauri unaotolewa huwa mmoja pia: acha maziwa, acha mboga, kunywa dawa fulani ya mizizi. Lakini katika maabara, mawe hayo si ya aina moja. Kuna jiwe linaloweza kuyeyushwa kwa dawa za kumeza bila upasuaji wowote, kuna jiwe lisiloyeyuka kamwe, kuna lililojengwa na bakteria na kuna la kurithiwa kutoka kwa wazazi. Ushauri unaomfaa mgonjwa mmoja unaweza kumdhuru mwenzake aliyelazwa kitanda cha pili.

Yafaa kwanza kuondoa dhana mbili ambazo bado zimeenea. Kokoto iliyomezwa pamoja na wali au mboga isiyooshwa vyema haiwi jiwe la figo. Kokoto hiyo hupita tumboni na kutoka na choo. Hakuna njia ya kuifikisha kwenye figo. Vivyo hivyo, mawe ya nyongo ni maradhi mengine kabisa. Hayo hutengenezwa hasa kwa kolesteroli na rangi ya nyongo, hukaa upande wa ini, na dawa yake si hii.

Jiwe la figo huzaliwa ndani ya mkojo wenyewe. Mkojo ni maji yaliyobeba chumvi na uchafu ambao mwili hauuhitaji. Anayetia sukari nyingi kupita kiasi katika kikombe cha chai hukuta nyingine imebaki chini bila kuyeyuka. Ndivyo ilivyo pia katika figo: maji yakipungua au chumvi zikizidi, chembe ndogo hujitenga, zikashikana na kukua. Mkojo una walinzi wake, hasa sitreti na magnesiamu, ambao huzizuia chembe hizo kushikana. Walinzi wakipungua, jiwe hupata nafasi.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Mnamo 1901 jiwe la kibofu lilipatikana katika kaburi la El Amrah nchini Misri, kaburi linalokadiriwa kuwa la miaka ya 4800 kabla ya Kristo. Hata hivyo, kwa maelfu ya miaka hakuna aliyejua mawe hayo yametengenezwa kwa nini. Ni mnamo 1776 ambapo mwanakemia Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aligundua asidi ya yuriki ndani ya jiwe la kibofu. Mwingereza William Hyde Wollaston alieleza mnamo 1797 kwamba mawe mengine yalikuwa ya oksaleti na mengine ya fosfeti, na mnamo 1810 akapata aina nyingine isiyofanana na yoyote ya hizo, ambayo leo huitwa sistini. Kwa hiyo habari kwamba mawe hutofautiana si mpya. Imejulikana kwa zaidi ya miaka 200.

Takriban mawe 8 kati ya 10 huwa na kalsiamu, madini yale yale yanayojenga mifupa na meno. Mengi ya hayo ni ya kalsiamu iliyoungana na oksaleti, kemikali inayopatikana katika mimea mingi na ambayo pia hutengenezwa na ini. Hata hapa kuna tofauti. Aina moja huwa ya rangi ya kahawia iliyoiva, ngumu, yenye sura laini. Nyingine huwa ya manjano, yenye ncha kali kama vipande vya sukari guru, na huvunjika kwa urahisi zaidi. Tofauti ya aina hizi mbili ni kiasi cha maji kilichofungwa ndani ya chembe, lakini ni tofauti inayoweza kuamua iwapo mashine ya kuvunja mawe itafaulu au la.

Mawe haya ya oksaleti ndiyo yaliyozua ushauri potovu kuliko yote. Kwa kuwa jiwe lina kalsiamu, na maziwa yana kalsiamu, wengi hukata kauli kwamba mgonjwa aache maziwa. Madaktari wenyewe walishauri hivyo kwa miaka mingi. Ushauri huo ulipopimwa, ulionekana kuwa kinyume cha ukweli.

Nchini Italia, watafiti waliwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 ambao mawe ya oksaleti yalikuwa yakiwarudia na ambao mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi. Nusu yao walipunguza vyakula vya kalsiamu. Nusu nyingine waliendelea na kalsiamu ya kawaida lakini wakapunguza chumvi na nyama. Matokeo yalichapishwa mnamo 2002: miongoni mwa walioacha kalsiamu, karibu 4 kati ya 10 walipata mawe tena, ilhali kwa wale wengine idadi hiyo ilikuwa 2 kati ya 10 hivi.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Kalsiamu na oksaleti zikikutana tumboni wakati wa mlo huungana humo humo na kutoka na choo. Mtu asipopata kalsiamu, oksaleti hubaki huru, ikaingia katika damu na hatimaye kwenye figo. Kwa maneno mengine, glasi ya maziwa inayonywewa pamoja na chakula ni kinga, bali tembe za kalsiamu zinazomezwa peke yake, mbali na mlo, hazina faida hiyo na huenda zikaongeza hatari.

Mchicha ni miongoni mwa mboga zenye oksaleti nyingi zaidi, na spinachi vivyo hivyo. Njugu, viazi vitamu, nduma na chai nazo zimo katika orodha. Haina maana kwamba kila mwenye jiwe azikimbie mboga, kwani mboga na matunda huleta sitreti na potasiamu ambazo hulinda figo. Kina nyanya waliopika mboga za kienyeji kwa maziwa au malai, na wanaokunywa chai ya maziwa badala ya chai ya rangi, wamekuwa wakiiunganisha kalsiamu na oksaleti pasipo kujua kemia yake. Chumvi ya mezani, ambayo watu wachache huishuku, ina lawama kubwa zaidi: kadiri chumvi inavyozidi katika chakula, ndivyo figo zinavyomwaga kalsiamu nyingi katika mkojo.

Sehemu nyingine ya mawe ya kalsiamu huwa ya fosfeti. Haya hupatikana zaidi kwa wanawake kuliko wanaume, na hutokea mkojo unapokosa ukali wa asidi. Nyuma yake huenda kukawa na hitilafu ya figo katika kuondoa asidi mwilini, au tezi ndogo za shingoni zinazodhibiti kalsiamu zikawa zinafanya kazi kupita kiasi. Tezi hizo zikitibiwa, mawe huweza kukoma. Anayepewa ushauri wa jumla tu anaweza kuishi na tezi mbovu kwa miaka mingi huku mifupa yake ikidhoofika.

Jiwe la asidi ya yuriki lina habari yake pekee. Mawe haya ni takriban moja kati ya 10, ingawa katika baadhi ya maeneo ya Mashariki ya Kati huwa mengi zaidi. Huwapata hasa wenye unene wa kupindukia, wenye kisukari na wenye jongo, maradhi yanayovimbisha vidole vya miguu. Matumbo, maini, omena, nyama nyekundu kwa wingi na bia huongeza asidi hiyo mwilini. Hata hivyo, kiini cha tatizo mara nyingi si wingi wa asidi ya yuriki bali ni ukali wa mkojo. Mkojo ukiwa mkali sana, yaani kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, asidi hiyo hushindwa kuyeyuka hata ikiwa ni kidogo.

Hapo ndipo penye matumaini. Ukali wa mkojo ukipunguzwa kwa dawa kama sitreti ya potasiamu hadi pH ifike kati ya 6.5 na 7, jiwe la asidi ya yuriki huanza kuyeyuka lenyewe. Kazi hiyo huchukua majuma au miezi, lakini mgonjwa anaweza kuepuka kisu na gharama yake. Dawa hiyo hiyo, ikitolewa kwa mwenye jiwe la fosfeti bila uangalifu, huenda ikalikuza jiwe lake, kwa vile la fosfeti hupenda mkojo usio mkali. Wagonjwa wawili, maumivu yale yale, dawa moja. Mmoja anapona na mwingine anazidiwa.

Jiwe la asidi ya yuriki lina hila nyingine. Halionekani katika picha ya kawaida ya eksirei. Mgonjwa anaweza kupigwa picha na kuambiwa kwamba hana jiwe, akarejeshwa nyumbani na dawa za maumivu ya mgongo, kumbe jiwe limo. Altrasaundi huweza kulionyesha, na skani ya CT huliona wazi.

Aina inayotisha zaidi, ingawa haina makelele, ni jiwe la maambukizi, liitwalo struvaiti. Hili ni mchanganyiko wa magnesiamu, amonia na fosfeti, na hujengwa na bakteria, mmoja wao akiwa Proteus. Bakteria hao huvunja uchafu wa mkojo na kutoa amonia, mkojo ukapoteza ukali wake, na chumvi zikaanza kuganda kuwazunguka. Wanawake wanaosumbuliwa mara kwa mara na maambukizi ya njia ya mkojo, waliopooza kutokana na majeraha ya uti wa mgongo, na wanaoishi na mpira wa kupitishia mkojo ndio walio hatarini zaidi.

Jiwe la struvaiti hukua upesi na laweza kuijaza figo nzima, likatanua matawi yake kila pembe kama tangawizi ardhini. Kwa kuwa halishuki kwenye mrija mwembamba wa mkojo, huenda mgonjwa asisikie yale maumivu makali. Huhisi uchovu, homa ya kuja na kwenda na uzito kiunoni, naye hutibiwa maambukizi leo, kesho na mtondo, bila mtu kuuliza ni kwa nini hayaishi. Bakteria wamo ndani ya jiwe lenyewe, mahali ambapo dawa haifiki. Ni sharti jiwe litolewe lote. Kipande kikisalia, huwa mbegu ya jiwe jipya. Likiachwa, figo hufa polepole, na hapo ndipo safari ya mashine za kusafisha damu huanzia.

Mawe ya sistini ni machache, asilimia 1 au 2 hivi kwa watu wazima, na zaidi kidogo kwa watoto. Hutokana na kasoro ya kurithi ambapo figo hushindwa kurudisha mwilini sistini, mojawapo ya viini vya protini. Mtoto au kijana wa miaka 15 anayepata mawe mara kwa mara hafai kuambiwa kwamba hanywi maji ya kutosha na mambo yakaishia hapo. Sistini ni ngumu kuvunja kwa mashine, na mgonjwa huhitaji kunywa maji hata usiku, pamoja na dawa maalum, maisha yake yote. Ndugu zake nao wapimwe.

Kuna pia mawe yanayotokana na dawa. Miongoni mwa dawa za kwanza zilizorefusha maisha ya wenye virusi vya Ukimwi ilikuwa indinavir, iliyoidhinishwa Marekani mnamo 1996. Chembe zake ziliganda katika figo za baadhi ya wagonjwa na kuunda mawe ambayo hata skani ya CT haikuyaona. Dawa hiyo iliachwa nafasi yake ikachukuliwa na nyingine zilizo bora, ingawa atazanavir nayo inajulikana kuunda mawe kwa wachache. Nchini China, mnamo 2008, maziwa ya unga ya watoto yaliyotiwa kemikali ya melamini yaliwaugusha watoto wapatao 300,000, na 6 wakafariki. Walipochunguzwa, mawe yao yalikuwa ya melamini na asidi ya yuriki. Chanzo cha mkasa huo kilikuwa kimeandikwa ndani ya mawe yenyewe.

Mahali anapoishi mtu na chakula chake pia hubadilisha aina ya jiwe. Katika nchi za joto jingi na umaskini, kuanzia Misri kupitia Pakistan na India hadi Indonesia, watoto wa kiume waliolishwa nafaka tupu bila maziwa wala nyama walikuwa wakipata mawe ya kibofu yenye chumvi ya amonia na asidi ya yuriki. Ulaya nayo ilikuwa na watoto wa namna hiyo, hadi lishe ilipoboreka katika karne ya 20 na mawe hayo yakatoweka karibu yote, nafasi yake ikachukuliwa na mawe ya figo ya watu wazima walioshiba. Nchini Afrika Kusini, watafiti wamestaajabia kwa miongo kadhaa jinsi Waafrika weusi walivyokuwa wakipata mawe kwa nadra mno wakilinganishwa na wazungu wa nchi hiyo hiyo. Kinga hiyo si ya kutegemewa milele, hasa watu wanapoacha vyakula vya kale na kukumbatia chipsi, soda na vyakula vya kopo vilivyojaa chumvi.

Joto ni jambo jingine. Wanajeshi wa Marekani waliopelekwa Kuwait na Iraq na kuugua mawe walianza kuona dalili baada ya miezi 3 hivi kwa wastani. Wakenya wanaokwenda kufanya kazi za ujenzi na ulinzi katika nchi za Ghuba huingia katika joto lilo hilo. Na si lazima mtu avuke bahari: mwendesha bodaboda wa Garissa, mvunja mawe wa kutwa nzima juani, au dereva wa lori anayejinyima maji asije akasimama njiani, wote hutoa mkojo mchache na mzito.

Jambo linaloongeza ugumu ni kwamba mawe mengi si ya kitu kimoja. Jiwe likipasuliwa huonyesha matabaka kama kitunguu. Kiini chaweza kuwa cha fosfeti, na maganda ya oksaleti. Kiini husimulia jinsi jiwe lilivyoanza na ganda la nje husimulia hali ya mkojo wa karibuni.

Kulinasa jiwe si kazi kubwa. Mgonjwa hukojoa kupitia chujio au kitambaa cheupe kilichotengwa kwa kazi hiyo pekee, kila mara, mpaka jiwe litoke. Hulisuuza kwa maji, akaliacha likauke na kulitia katika chupa safi iliyo kavu, bila spiriti wala dawa yoyote. Kipande kidogo kama chembe ya sukari hutosha. Njia za kuaminika za kulisoma ni mwanga wa infraredi na miale ya eksirei inayopimwa katika chembe zake. Mbinu ya zamani ya kudondoshea kemikali hukosea mara nyingi. Si kila hospitali iliyo na vifaa hivyo, hivyo mgonjwa anapaswa kuuliza mapema sampuli itapelekwa wapi na kwa bei gani.

Jiwe likiwa limepotea, bado kuna dalili za kufuata. Kipimo cha pH ya mkojo ni rahisi na hakina gharama kubwa. Darubini huonyesha umbo la chembe: za sistini huwa na pande sita, za struvaiti hufanana na kifuniko cha jeneza. Skani ya CT hupima uzito wa jiwe, na lililo jepesi hushukiwa kuwa la asidi ya yuriki. Kwa wanaorudiwa na mawe, mkojo wa saa 24 hukusanywa ndani ya mtungi na kupimwa kalsiamu, oksaleti, sitreti na mengineyo.

Aina ya jiwe huamua pia namna ya kulitoa. Mawe yasiyofika milimita 5 kwa kawaida hutoka yenyewe. Makubwa zaidi huweza kuvunjwa kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, tiba iliyotumiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza jijini Munich, Ujerumani, mnamo 1980. Lakini mawimbi hayo hushindwa mara nyingi mbele ya sistini na oksaleti ngumu, na hapo huhitajika leza inayopitishwa katika njia ya mkojo au tundu dogo mgongoni.

Kuna kitu kimoja tu kinachofaa karibu kila aina, nacho ni maji. Utafiti mwingine wa Italia uliochapishwa mnamo 1996 ulionyesha kwamba kati ya waliopata jiwe la kwanza la kalsiamu na kuongeza maji, asilimia 12 walipata jingine katika miaka 5, dhidi ya asilimia 27 ya wasioongeza. Lengo ni kutoa mkojo wa lita 2 na nusu kwa siku, maana yake kunywa lita 3 hivi, na zaidi kwenye joto. Wenye maradhi ya moyo au figo zilizokwisha kudhoofika hawajumuishwi. Kiasi chao hupangwa na daktari.

Kuhusu unga na mizizi inayonadiwa masokoni na mitandaoni kwamba huyeyusha mawe yote, swali la kumwuliza muuzaji ni jiwe gani. Mpaka leo hakuna dawa, ya kiwandani wala ya miti shamba, iliyothibitishwa kuyeyusha jiwe la kalsiamu likiwa ndani ya figo. Anayeipoteza miezi akisubiri liyeyuke huenda akafikiri amepona kwa kuwa maumivu yamekwisha, ilhali jiwe limeziba mrija na figo ya upande huo imeacha kufanya kazi kimyakimya. Homa au baridi kali pamoja na maumivu ya jiwe, au kukosa mkojo kabisa, ni dharura ya kukimbizwa hospitalini saa hiyo hiyo.

Mgonjwa aliyepata jibu la maabara miaka 10 iliyopita naye asiliweke kabatini akidhani linatosha. Mtu aliyekuwa na jiwe la oksaleti akiwa na umri wa miaka 35 anaweza, akiongeza uzito na kupata kisukari, kutoa jiwe la asidi ya yuriki akiwa na miaka 55. Jiwe hilo jipya nalo linahitaji chujio, chupa kavu na kipimo chake.